Skripti Mahali pa Kazi: Hati Isiyofika Masjala

Katika maabara, benki, vyumba vya habari na idara za takwimu kuna programu nyingi za kompyuta ambazo hazikuandikwa na mtu aliyeajiriwa kuandika programu. Ziliandikwa na mkemia, mhasibu, mhariri au ofisa takwimu aliyechoka kurudia kazi ileile kila mwisho wa mwezi, akajifunza lugha ya skripti kwa kiasi cha kumtosha, akaandika mistari kumi au mia mbili, akaihifadhi katika folda yake na kuendelea na shughuli nyingine. Programu hizo ndogo hazimo katika orodha ya mali ya taasisi wala hazikupita kwenye kamati ya zabuni. Hata hivyo, takwimu zinazosomwa na wakurugenzi, na wakati mwingine na mawaziri, hupita ndani yake kabla ya kufika mezani. Hoja ya safu hii ni kwamba nguvu ya lugha za skripti na hatari yake zinatoka katika chanzo kimoja, yaani kwamba anayeandika ndiye anayeijua kazi, na kwamba taasisi zinazonufaika na nguvu hiyo bado hazijazoea kuichukulia skripti kuwa hati ya ofisi inayostahili kuhifadhiwa, kukaguliwa na kukabidhiwa.

Lugha ya skripti ni lugha ya kuandikia programu ambayo maagizo yake husomwa na kutekelezwa papo hapo na programu nyingine iitwayo mkalimani, bila mwandishi kulazimika kwanza kuyageuza yote kuwa faili la lugha ya mashine. Katika lugha za mfumo, kama vile C, ugeuzaji huo hufanywa mapema na programu iitwayo kompaila, na mwandishi hutakiwa kutaja tangu mwanzo kila thamani ni ya aina gani, iwe nambari kamili, desimali au herufi. Katika lugha ya skripti masharti hayo hulegezwa, na mtu anaweza kuandika mstari mmoja, akayaona matokeo yake, kisha akaandika mwingine. Mwaka 1998 John Ousterhout, aliyebuni lugha ya Tcl alipokuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika katika jarida la Computer makala iliyoweka tofauti hiyo wazi: lugha za mfumo hujenga vipande kuanzia chini kabisa, ilhali lugha za skripti huchukulia kwamba vipande vimekwisha kuwapo, nazo kazi yake ni kuviunganisha. Mpaka huo leo umefifia, kwa kuwa lugha ileile ya Python inaandikia skripti ya mistari mitano na pia mifumo mikubwa ya benki, lakini bado unasaidia kueleza kwa nini lugha hizi zilipenya ofisi ambazo lugha nyingine hazikupenya.

Historia ya lugha hizi yenyewe ni historia ya watu waliokuwa na kazi nyingine ya kufanya. AWK ilitoka katika maabara za Bell mwaka 1977 kwa ajili ya kuchambua mafaili ya maandishi mstari kwa mstari. Perl ilitolewa mwaka 1987 na Larry Wall, mtu aliyesomea isimu, ambaye alihitaji kukusanya ripoti kutoka mafaili yaliyotawanyika. Guido van Rossum alianza Python mwishoni mwa 1989 katika kituo cha utafiti cha CWI mjini Amsterdam, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1991. R iliandikwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, nchini New Zealand, kwa mahitaji ya wanatakwimu. Lua ilizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, ikiwalenga wahandisi wa shirika la mafuta la Petrobras ambao walitaka kurekebisha programu zao bila kugeuka waandishi wa programu. Kwamba leo lugha hiyo inafahamika zaidi kwa watengenezaji wa michezo ya kompyuta ni jambo ambalo waanzilishi wake hawakulilenga.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi kazi ya kuunganisha ni ule wa Mradi wa Jenomu ya Binadamu, ambao ulikusudia kusoma herufi zipatazo bilioni 3 za kemikali ya urithi, DNA. Katika miaka ya 1990 vituo vikubwa vya mradi huo, kikiwemo cha karibu na Cambridge, Uingereza, na kile cha Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, vilikuwa vikifanya kazi ileile kwa mbinu zilezile, lakini kila kimoja kilikuwa kimejitengenezea programu zake na mpangilio wake wa data, kiasi kwamba matokeo ya kimoja hayakusomeka katika kompyuta za kingine. Mashine za kusoma DNA hutoa vipande vifupi vya herufi mia kadhaa, na kila kipande kinapaswa kuchujwa ubora, kuondolewa mabaki ya DNA ya bakteria iliyotumika kukizalisha, kulinganishwa na vipande vingine na hatimaye kuunganishwa navyo. Kila hatua ilikuwa na programu yake, na kila programu ilitaka data kwa umbo lake. Lincoln Stein, mwanabiolojia aliyefanya kazi ya kompyuta katika mradi huo, alieleza mwaka 1996 katika The Perl Journal jinsi skripti za Perl zilivyoziba mapengo hayo.

Mpango ambao Stein na wenzake walitumia, uitwao Boulder, unastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu urahisi wake ndio uliokuwa siri yake. Kila rekodi iliandikwa kwa maandishi ya kawaida, jina la sifa upande wa kushoto, alama ya usawa, na thamani yake upande wa kulia, mstari baada ya mstari. Skripti ya kuchuja ubora ilisoma rekodi, ikatafuta sifa inazozifahamu, ikaongeza yake mpya, na kuipitisha rekodi kwa skripti inayofuata pamoja na sifa zote ambazo yenyewe haikuzielewa. Sharti hilo la mwisho, la kutogusa usichokielewa, ndilo lililoruhusu kituo kuongeza hatua mpya katikati ya mnyororo bila kuvunja hatua za zamani, na lilitungwa na mtu aliyejua maabara inavyofanya kazi, kwamba kesho atakuja mtafiti mwenye kipimo kipya ambacho leo hakuna anayekifikiria. Mtaalamu wa programu aliyeitwa kutoka nje angeweza kuchora mfumo uliokamilika zaidi, lakini yamkini angeukamilisha wakati maabara imekwisha kubadili utaratibu wake.

Vyumba vya habari vilifika mahali hapo kwa njia nyingine, yaani kwa kubanwa na muda. Mwaka 2003, katika gazeti la Lawrence Journal-World la mji mdogo wa Lawrence, Kansas, Adrian Holovaty na Simon Willison walianza kuandika kwa Python nyenzo za kujengea kurasa za gazeti hilo, kwa kuwa mhariri anayetaka ukurasa wa matokeo ya uchaguzi huutaka leo jioni. Nyenzo hizo zilitolewa kwa umma mwaka 2005 kwa jina la Django, na sasa zinatumika katika taasisi ambazo hazina uhusiano wowote na magazeti. Los Angeles Times nalo lilitumia skripti iitwayo Quakebot, iliyoandikwa na mwandishi wa habari Ken Schwencke, ambayo husoma taarifa za matetemeko kutoka idara ya jiolojia ya Marekani na kuzigeuza kuwa habari fupi. Tetemeko lilipotokea alfajiri ya tarehe 17 Machi 2014, habari yake ilikuwa tayari ndani ya dakika chache. Juni 2017 skripti hiyohiyo ilitangaza tetemeko kubwa karibu na Santa Barbara ambalo lilikuwa limetokea mwaka 1925, kwa sababu rekodi za kale za idara hiyo zilikuwa zikirekebishwa na tahadhari ya kimakosa ikatoka. Binadamu yeyote aliyekaa California angejua kwamba ardhi haikutikisika siku hiyo. Skripti haikuulizwa swali hilo, kwa hiyo haikulijibu.

Katika fedha suala ni zito zaidi, na pia ni la kale zaidi kuliko umaarufu wa Python, kwani tangu mwaka 1993 programu ya Excel imebeba ndani yake lugha ya skripti iitwayo VBA, na fomula za lahajedwali zenyewe ni aina ya skripti ambayo mwandishi wake mara nyingi hajui kwamba anaandika programu. Ripoti ya ndani ambayo benki ya JPMorgan iliitoa Januari 2013, baada ya hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 katika ofisi yake ya London, ilieleza kwamba kielelezo cha kukadiria hatari kiliendeshwa kwa mfululizo wa malahajedwali yaliyojazwa kwa kunakili na kubandika kwa mkono, na kwamba mahali fulani tofauti ya viwango viwili iligawanywa kwa jumla yake badala ya kugawanywa kwa wastani wake. Jumla ya viwango viwili ni mara mbili ya wastani wake, kwa hiyo jibu lilitoka nusu ya lilivyopaswa kuwa, na hatari ikaonekana ndogo. Hasara ile ilikuwa na sababu nyingi, nyingine kubwa kuliko hiyo, lakini inafundisha kwamba kosa la skripti mara nyingi halisimamishi kazi: hutoa nambari nadhifu inayofanana kabisa na nambari sahihi.

Tukio jingine la fedha halijulikani sana ingawa lina uzito wa kifikra. Aprili 2010, baada ya mgogoro wa mikopo ya nyumba, Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani ilipendekeza kwamba watoaji wa dhamana zinazoegemea mikopo, yaani hati zinazouzwa kwa wawekezaji na kulipwa kutokana na marejesho ya maelfu ya wakopaji, wawasilishe pamoja na mkataba programu ya Python inayoonyesha ni nani hulipwa kwanza, nani hufuata na nani hubeba hasara. Mikataba hiyo huwa na mamia ya kurasa za lugha ya kisheria, na Tume iliona kwamba utaratibu wa malipo ulioandikwa kama maagizo ya kompyuta unaweza kujaribiwa na mwekezaji yeyote kwa kuingiza makadirio yake mwenyewe. Python ilipendekezwa kwa sababu ni huria na kwa sababu msimbo wake husomwa na mkalimani ukiwa katika umbo lilelile aliloliandika mwandishi. Sekta ilipinga, na kanuni zilizopitishwa mwaka 2014 hazikuwa na sharti hilo. Uamuzi huo ulikuwa wa kusikitisha, kwa kuwa wazo la kwamba skripti yaweza kuwa sehemu ya hati yenye nguvu ya kisheria ndilo hasa ambalo taasisi nyingi bado hazijathubutu kulifikiria.

Sehemu nyingine zaweza kupitwa upesi. Wabunifu wa vijenzi vya kompyuta huendesha zana zao kwa Tcl hadi leo. Studio za filamu za Hollywood huunganisha programu zao za michoro kwa Python. Wanaastronomia walioonyesha picha ya kivuli cha shimo jeusi la galaksi M87 tarehe 10 Aprili 2019 walitegemea maktaba za Python, yaani mikusanyo ya msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine ambao mtu huuita ndani ya skripti yake. Wachora ramani nao hutumia Python ndani ya programu huria ya QGIS.

Kesi inayopaswa kuwakosesha usingizi wakuu wa taasisi inatoka katika kemia. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichapisha katika jarida la Nature Protocols maelekezo pamoja na skripti za Python za kuwasaidia wakemia kukokotoa namna viini vya atomi vya molekuli fulani vitakavyoitika ndani ya uga wa sumaku, hesabu inayotumika kuthibitisha umbo la molekuli. Molekuli moja huweza kujikunja kwa namna nyingi, na kila mkunjo hukokotolewa peke yake, ukatoa faili moja la nishati na faili jingine la mwitikio wa sumaku. Kazi ya skripti ni kuoanisha mafaili hayo mawili mawili na kupata wastani unaoupa mkunjo wenye nishati ndogo uzito mkubwa zaidi. Ili kupata orodha ya mafaili, skripti ilitumia agizo la Python liitwalo glob, ambalo hurudisha majina ya mafaili yote yanayolingana na ruwaza fulani.

Agizo hilo haliahidi mpangilio wowote. Katika kompyuta ya Windows majina kwa kawaida hurudi kwa utaratibu wa alfabeti, lakini katika baadhi ya kompyuta za Linux na Mac hurudi kwa utaratibu ambao mfumo wenyewe umeyahifadhi, na hapo nishati ya mkunjo wa tatu yaweza kuoanishwa na mwitikio wa mkunjo wa saba bila onyo lolote kutolewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliligundua jambo hilo na kulichapisha mwaka 2019 katika jarida la Organic Letters, baada ya data zilezile, skripti ileile na hesabu ileile kuwapa 173.2 kwenye Windows 10 na 172.4 kwenye Ubuntu. Tofauti ni chini ya kizio kimoja, lakini katika kemia ya aina hiyo yaweza kutosha kumfanya mtafiti akubali umbo lisilo la kweli, na zaidi ya makala 100 za kisayansi zilikuwa zimeitumia au kuirejelea skripti hiyo. Dawa yake ni kuyapanga majina kabla ya kuyatumia, jambo la mstari mmoja.

Si haki kuwalaumu wakemia wa Minnesota. Walifanya kile ambacho wengi hawafanyi: waliiweka skripti hadharani ikiwa na jina, tarehe na maelezo, na ni kwa sababu hiyo tu mtu wa Hawaii aliweza kuifungua, kuisoma na kuonyesha ulipo udhaifu. Kosa kama hilo likiwa katika folda ya mtumishi mmoja wa idara fulani lingeishi muda wote wa utumishi wake, na pengine baada yake.

Kwa ofisi za Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda hukusanya taarifa za vituo vya huduma kwa mfumo uitwao DHIS2, uliokuzwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011. Mfumo huo una mlango wa kutolea data kwa programu nyingine, na ofisa takwimu anayefahamu R au Python anaweza kuzichukua taarifa za miezi 12 za vituo vyote vya wilaya kwa dakika chache. Ugumu huanza pale anapotaka kuzilinganisha na orodha nyingine, tuseme ya mgao wa dawa, kwa kuwa kituo kimoja huandikwa "Zahanati ya Mtakuja" hapa, "Mtakuja Zah." pale, na "MTAKUJA DISP" kwingine. Tanzania na Kenya zina sajili za vituo zinazokipa kila kimoja namba yake ya pekee, lakini orodha nyingi za ofisini hazina namba hizo, kwa hiyo ofisa huandika skripti inayoondoa vifupisho, inayosawazisha herufi kubwa na ndogo, na inayoamua majina mawili yanafanana kiasi gani ndipo yahesabiwe kuwa kituo kimoja.

Uamuzi huo wa mwisho ni wa kitaalamu hasa, na ndipo ilipo thamani ya mtu anayeijua wilaya: yeye anafahamu kwamba Mtakuja A na Mtakuja B ni zahanati mbili zilizo kilomita kadhaa mbali, na kwamba skripti isiyozitenganisha itaonyesha kituo kimoja kinachotumia dawa mara mbili ya kawaida. Akiandika katika skripti mstari wa kuzitenganisha, ameweka humo maarifa ambayo hayamo katika mwongozo wowote wa wizara. Akihamishwa mkoa mwingine, maarifa hayo huondoka naye ndani ya kompyuta mpakato, na anayempokea huanza upya, au, vibaya zaidi, huendelea kuibonyeza skripti asiyoielewa.

Muda wenyewe nao huharibu skripti isiyo na mlezi. Python 3 ilipotoka Desemba 2008 haikuafikiana kikamilifu na Python 2, na huduma kwa toleo la zamani zilikoma tarehe 1 Januari 2020. Mabadiliko mengi yalisimamisha skripti za zamani kwa ujumbe wa kosa, na hayo ndiyo yaliyo salama. Mengine yalipita kimya: katika Python 2, saba ikigawanywa kwa mbili huwa 3, kwa sababu nambari kamili mbili zilitoa jibu kamili, ilhali katika Python 3 huwa 3.5. Idara iliyobadili kompyuta bila kuisoma skripti yake iliweza kuona wastani ukipanda mwezi ule, na kuutafutia sababu huko vituoni.

Tangu mwishoni mwa 2022 programu za akili unde zimeongeza jambo jipya, kwani mtu sasa anaweza kueleza kwa maneno anachotaka na kupewa skripti iliyokamilika. Faida yake haikanushiki, hasa kwa wasiopata mwalimu. Lakini hoja iliyotolewa mwanzoni inaguswa hapo, kwa maana skripti iliaminika kwa kadiri fulani kwa kuwa aliyeijua kazi ndiye aliyechagua kila mstari. Anapopokea mistari ambayo hakuichagua, imani hiyo huondoka asipokuwa na uwezo wa kuisoma. Mafunzo ya watumishi yanafaa kwa hiyo yatilie mkazo kusoma skripti na kuipima kwa data ndogo ambazo jibu lake linajulikana, kuliko kukariri sarufi ya lugha.

Kuitunza skripti kama hati hakuhitaji idara mpya wala mkandarasi. Barua inayoingia ofisini hupewa namba masjala, huwekwa katika jalada lake, na yeyote anayeitoa huandikwa. Skripti inayotengeneza ripoti ya robo mwaka yastahili utaratibu huohuo, ikiwa na jina la mwandishi, tarehe, toleo la lugha iliyotumika, maelezo ya aya moja kuhusu inachofanya, na faili dogo la mfano lenye jibu lililohakikiwa kwa mkono. Ziko programu huria za kutunza matoleo, Git ikiwa mashuhuri zaidi, zinazorekodi nani alibadili mstari gani na lini, lakini hata folda ya pamoja yenye daftari la mabadiliko ni bora kuliko hali iliyopo. Mkaguzi wa ndani naye, anayedai stakabadhi ya kila lita ya dizeli, aanze kudai skripti iliyotoa kila jedwali analoletewa, na mkuu wa idara asisaini hati ya makabidhiano ya mtumishi anayehama au kustaafu kabla mtumishi huyo hajaiendesha skripti yake mbele ya anayempokea, katika kompyuta ya ofisi na si katika yake mwenyewe.